Shangazi, wanasema macho yangu yananikosesha kazi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26. Kwetu ni Sengerema, ila kwa sasa naishi Mbagala kwa mama mdogo. Nimesoma uhasibu, shahada ninayo, na tangu nimalize chuo nimekuwa nikiomba kazi kila inapotangazwa. Kuitwa naitwa. Usaili wa mchujo wa kuandika nafaulu, tena wakati mwingine kwa alama nzuri kabisa. Nikifika kwenye mahojiano ya ana kwa ana ndiyo mwisho wangu.

Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya, au labda nafasi zina wenyewe kama watu wanavyosema mtaani. Lakini mwaka huu nilisailiwa kwenye kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, na baadaye kaka mmoja wa rasilimali watu akanipigia kunijulisha kuwa sikupata. Nikamwomba aniambie nilipokosea. Akasema, "Dada, vyeti vyako havina shida. Ila muda wote ulikuwa unaangalia meza. Mmoja wetu alisema unaonekana kama mtu mwenye kitu anaficha."

Shangazi, nililia. Mimi sina ninachoficha. Nimelelewa na bibi, na kwa bibi mtoto akimkodolea macho mtu mzima anachapwa. Mkubwa akikusemesha unainamisha uso, ukimsalimia unapiga goti. Hata siku ile nilipoingia kwenye chumba cha usaili magoti yalikunjika yenyewe kabla sijafikiri, nikaona wawili wanatazamana.

Binamu yangu aliyepata kazi benki akaniambia tatizo ni lugha ya mwili. Akanitumia video kwenye WhatsApp. Moja inasema asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Nyingine inasema kabla ya usaili uingie chooni usimame dakika mbili, miguu umeitanua, mikono kiunoni, ujasiri utakuja wenyewe. Nikafanya yote. Usaili uliofuata nikasimama chooni, nikaingia, nikamkazia macho mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo ambaye angeweza kunizaa, mpaka yeye ndiye akainamia karatasi zake. Nilitoka najisikia kama nimemtukana. Kazi sikupata, na safari hii hakuna aliyenipigia.

Kinachonichanganya ni hiki. Kwa sasa nashika vitabu vya mzee mmoja mwenye duka la vipuri Gerezani. Naye alinisaili, chini ya feni, wateja wakiingia na kutoka. Aliuliza mambo magumu tu: mali ikipotea utajuaje, kijana wa kaunta akikuomba umfichie utafanyaje. Nilimjibu huku namtazama vizuri, bila hofu, na wiki ileile akanikabidhi funguo za droo. Lakini maofisini, wakishaanza kuuliza kwa Kiingereza, macho yanashuka na mikono inaanza kuikunja bahasha ya vyeti mpaka pembe zinachanika.

Naomba unisaidie. Je, niache adabu niliyofundishwa ili nipate kazi? Nijifunze vipi kumtazama mtu? Na yule kaka aliyenipigia, ni vibaya nikimtafuta tena kumuuliza zaidi?

Ni mimi, binti wa Mbagala.

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa machozi.

Jibu lako umeliandika mwenyewe, lipo pale Gerezani. Yule mzee ni mkubwa kwako, ni mwanaume, ni mgeni, na aliyokuuliza yanahusu pesa zake. Kama malezi ya bibi ndiyo yangekuwa yanashusha macho yako, basi mbele yake ndipo yangeshuka kuliko mahali pengine popote. Hayakushuka. Ulimtazama kwa sababu alikuuliza mambo unayoyajua, kwa lugha unayoiota usiku. Kisha unaniambia maofisini macho yanashuka "wakishaanza kuuliza kwa Kiingereza". Mwanangu, pale mezani huwa unatafuta maneno. Bibi yako hana kosa lolote katika jambo hili, na sitaki uishi ukimlaumu.

Mtu anayefikiri kwa bidii huondoa macho kwenye uso wa anayemuuliza. Ndivyo tulivyo wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti, wakiongozwa na Gwyneth Doherty-Sneddon, walilichunguza jambo hili kwa watoto wa shule: swali likiwa gumu, mtoto hutazama pembeni, na kutazama pembeni kunamsaidia kufikiri. Uso wa mtu una mambo mengi, na ubongo unaotafuta jibu hupenda upunguziwe mzigo. Jaribu leo jioni. Mama mdogo akiwa anachambua mchicha, muulize ghafla 7 mara 18 ni ngapi, uone macho yake yatakwenda wapi kabla hajakuambia 126.

Sasa chukua hali hiyo uiweke kwenye usaili wa nusu saa, maswali yote kwa Kiingereza, na wewe unatafsiri kichwani kwenda na kurudi. Macho yatakaa mezani muda wote, na anayekutazama kutoka ng'ambo ataona mtu asiyemtazama. Hapo ndipo yule mmoja aliposema una kitu unaficha.

Huyo niseme naye kidogo. Imani kwamba mwongo hukwepa macho imeenea karibu dunia nzima, lakini macho hayamjulishi mtu mwongo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio mengi ambayo watu waliambiwa wamtambue anayesema uongo na anayesema kweli. Wastani wa waliopatia ulikuwa kama asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Kwa hiyo aliyekutuhumu kwa kuangalia uso wako ulioinama alisema jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua, na inaniuma kwamba limekugharimu.

Tuje kwenye video za binamu yako. Hiyo asilimia 93 imezunguka sana, hata kwenye semina za kulipia hapa mjini utaisikia. Ilitoka kwa Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenye majaribio yaliyochapishwa mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja likisemwa kwa sauti tofauti na kuonyeshwa picha za nyuso, wakaulizwa kama msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Maneno yakisema hivi na uso ukisema vile, watu waliuamini uso zaidi. Ni hivyo tu. Hakupima mhasibu akieleza jinsi anavyolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na mwenyewe Mehrabian amekuwa akisisitiza kwamba hesabu yake inahusu hisia na mapenzi, si kila mazungumzo. Ingekuwa kweli kwa usaili, basi jopo lingeweza kukusaili ukizungumza Kichina na bado likakuelewa kwa asilimia 93.

Na kusimama chooni mikono kiunoni, hilo lilitangazwa mwaka 2010 na Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, kwa jaribio la watu 42. Walisema dakika mbili za kusimama hivyo hubadilisha hadi homoni. Mwaka 2015 timu ya Eva Ranehill ikalirudia jaribio hilo kwa watu 200: washiriki walisema wanajisikia wenye nguvu zaidi, lakini homoni hazikubadilika wala matendo yao hayakubadilika. Mwaka 2016 Carney mwenyewe akatangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa jambo hilo lipo. Kama kusimama hivyo kunakutuliza, simama. Ila usiingie ukidhani umebeba silaha.

Je, mwili hauna kazi basi? Unayo, na nimeiona kwa miaka mingi niliyokaa upande wa pili wa meza. Kwenye jopo linaloendeshwa vizuri, kila mjumbe ana karatasi yake. Maswali ni yaleyale kwa kila msailiwa, na kila jibu lina alama zake. Kujieleza na mwonekano huwa na mstari wake, mara nyingi mmoja tu. Balaa ni kwamba mwili uliojikunja unapunguza alama kwenye mistari mingine ambayo haihusiani nao kabisa. Ukiinamisha kichwa, kidevu kinaminya koo, sauti inaangukia kifuani, na mwisho wa sentensi haufiki ng'ambo ya meza. Na mwisho wa sentensi ndipo watu wengi wanapoweka hesabu, jina la sheria, au lile "kwa hiyo" linalobeba jibu. Kiyoyozi kinavuma, nje malori yanapiga honi, mjumbe wa pembeni amesikia nusu. Anaandika alama ya nusu aliyoisikia. Nimeshuhudia wajumbe wawili waliokaa viti viwili tofauti wakimpa msailiwa huyohuyo alama zilizopishana sana, na tulipozungumza tukakuta mmoja hakuwa amesikia jibu.

Hicho ndicho cha kurekebisha: jibu lifike. Na dawa yake unaianzia mdomoni kabla ya machoni.

Chukua kazi unayoifanya Gerezani uiseme kwa Kiingereza, kwa sauti, kila jioni. Usiikariri kama shairi. Mtu aliyekariri akikatizwa katikati anapotea, na macho yanarudi mezani. Jua mambo matano au sita yaliyokutokea kweli dukani, uyasimulie kwa namna tofauti tofauti mpaka maneno yake yawe mepesi. Lile swali la mzee, mali ikipotea utajuaje, ndilo swali la udhibiti wa ndani wanalokuuliza maofisini, limevaa suti tu. Unalijua vizuri kuliko mhitimu ambaye hajawahi kuhesabu bolti kwenye rafu akakuta zimepungua. Mtafute mwenzako mliyesoma naye, akuulize bila mpangilio, na akukatize. Usimtumie mama mdogo kwa hili, atakuonea huruma.

Mdomo ukishazoea, macho yana kazi ndogo. Swali likiulizwa, mtazame anayeuliza mpaka amalize. Ukihitaji kufikiri, fikiri, na macho yaende pembeni, usawa wa ukuta, yasiende chini. Uwe na sentensi moja ya Kiingereza ya kuomba sekunde chache, iwe imeiva kabisa mdomoni; hakuna jopo la maana linalokunyima. Jibu likija, rudi kwa aliyeuliza kwa sentensi ya kwanza. Katikati wagawie na wajumbe wengine, usimwache yule wa pembeni. Umalizie tena kwa aliyeuliza, na sauti isishuke kabla hujafika nukta. Kama macho ya mtu yanakuchoma, tazama kati ya nyusi zake. Kwa umbali wa meza haoni tofauti.

Ulichomfanyia yule mama mwenyekiti kilikuwa kukodoa, na hata pale London mtu angejisikia vibaya. Macho ya kutazamana kwa heshima hupepesa, huondoka, hurudi, na uso unakuwa na joto la mtu anayesikiliza. Unayajua. Ndivyo unavyomtazama bibi akikusimulia habari za zamani.

Kuhusu adabu, usiache chochote. Jopo la Dar es Salaam limejaa watu waliolelewa kama wewe. Kama wamekupokea kwa Kiswahili na ni wakubwa zako, waambie "Shikamooni", kaa ukikaribishwa. Wakianza kwa Kiingereza, wajibu kwa Kiingereza. Goti la nyumbani lipunguze liwe kuinamisha kichwa kidogo, kwa sababu wengine hawajui wafanye nini binti akipiga goti mlangoni pa ofisi, na nusu dakika nzima inapotea watu wakiona haya. Ila likikutoka, limekutoka. Nyoosha mgongo uende kwenye kiti, usiombe radhi. Mkono usubiri wanyooshe wao. Kushika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ni heshima inayoeleweka hapa nchini kote. Na kwa dada zangu Waislamu wanaoniuliza kila mara juu ya wanaume wanaonyoosha mkono: weka kiganja kifuani, tabasamu, itikia salamu kwa sauti inayosikika. Inatosha.

Ile bahasha ya kaki iondoe mikononi. Vyeti wakishavikagua, ilaze sakafuni pembeni ya kiti. Mikono ikae mapajani au ukingoni mwa meza, ikitaka kucheza wakati unaeleza iache icheze, mikono ya mtu anayejua anachokisema haitulii.

Na safari yenyewe uiheshimu. Kutoka Mbagala mpaka mjini asubuhi, ukiwa umesimama kwenye gari umebanwa, unafika shati limeshika mgongo na moyo unadunda kwa sababu ya foleni. Jopo halijui habari za foleni, linaona jasho. Ondoka mapema upate muda wa kukaa kivulini, unywe maji, ujifute kwa leso, upumue. Msalimie mlinzi getini na dada wa mapokezi kwa jina la heshima, maana nawe hapo unaanza kuzoea sauti yako mwenyewe kabla ya kuitwa ndani.

Zoezi moja zaidi, halina gharama. Jirekodi kwa simu ukijibu swali moja. Kwanza tazama bila sauti, uone kichwa na mabega vinafanya nini. Kisha igeuze simu kifudifudi usikilize bila kutazama, ujiulize kama neno la mwisho la kila sentensi limesikika. Nakuhakikishia la pili ndilo litakalokufunza zaidi. Kama usaili ni wa video, zungumza na kamera badala ya nyuso zilizo kwenye kioo, na simu iegemeze kwenye vitabu ifike usawa wa macho.

Nanyi mnaokaa upande ule wa meza, na najua mnaisoma safu hii: binti akiinamisha uso, msiandike "hajiamini" kabla hamjamrudia swali. Mwambieni achukue muda. Kama kazi yenyewe itafanyika kwa Kiswahili, mwulizeni tena kwa Kiswahili mlinganishe. Andikeni alichosema. Mnatafuta mtu wa kutunza vitabu vya hesabu, na binti huyu ameachiwa funguo za droo na mzee wa Gerezani ambaye pesa inayopotea ni ya kwake.

Swali lako la mwisho, mwanangu. Yule kaka mtafute, si vibaya hata kidogo. Alikupigia wakati wengi hawapigi, na alikuambia ukweli wakati angeweza kusema nafasi zimejaa. Usimpigie usiku. Mtumie ujumbe saa za kazi, mfupi, na umuulize juu ya majibu yako, siyo juu ya macho: "Habari za kazi kaka. Mimi ni yule dada niliyesailiwa kwenu nafasi ya mhasibu. Nakushukuru kwa kuniambia ukweli. Kama inaruhusiwa, naomba kujua ni swali gani jibu langu lilikuwa dhaifu zaidi, nilifanyie kazi. Siku njema." Akijibu, lichukue swali hilo uanze nalo jioni hiyohiyo na huyo mwenzako. Asipojibu usirudie, naye ana mkubwa wake wa kazi.